Kipimo kinasema hakuna malaria, mzee anaandika mseto: nifuate nini?

Swali la msomaji: "Shikamoo Daktari. Mimi ni tabibu, mwaka wangu wa pili kazini, kwenye kituo cha afya mkoani Morogoro. Miezi mitatu iliyopita nilikabidhiwa kusimamia wagonjwa wa nje. Watoto wengi wanaokuja na homa kipimo cha haraka kinaonyesha hawana malaria, lakini mwenzangu ambaye ni mzee wa kazi bado anawaandikia mseto, yaani dawa mchanganyiko ya malaria. Akiacha mseto anaandika amoksilini au sindano ya seftriaksoni. Anasema ameona watoto wakifa kwa sababu kipimo kilidanganya. Dada wa maabara amekata tamaa, anauliza anampimia nani. Muuguzi wa dirisha la dawa anatoa kilichoandikwa. Miongozo nayo haiishi kubadilika. Nitajuaje utafiti upi wa kuamini? Nitaibadilishaje timu bila kumvunjia mzee heshima? Na mama akigoma kuondoka bila dawa nifanyeje?"

Marahaba, Tabibu. Nianze na huyo mzee, maana barua yako yote inamzunguka yeye.

Usimhesabu kuwa mtu anayepuuza utafiti. Anafuata utafiti, ila ni ule wa miaka aliyoingia kazini. Wakati huo mwongozo ulielekeza kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye homa, mahali penye malaria nyingi, apewe dawa ya malaria bila kusubiri maabara. Lilikuwa agizo la busara. Hadubini zilikuwa za kutafuta, vipimo vya haraka havikuwepo, na mtoto angeweza kufariki kabla jibu halijarudi. Kisha akaona klorokwini ikishindwa mikononi mwake. Tanzania iliiweka kando mwaka 2001 ikaingia dawa nyingine ya malaria, SP, nayo SP ikachoka upesi, hadi mseto ulipochukua nafasi yake kuanzia 2006. Mtu aliyehudumu wodi ya watoto katika miaka hiyo ana sababu ya kuogopa homa, na hofu hiyo huwezi kuiondoa kwa kumsomea ukurasa wa mwongozo.

Malaria yenyewe ndiyo iliyosogea. Mwaka 2008 upimaji wa kitaifa ulikuta takriban watoto 18 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano wana vimelea. Mwaka 2022 walikuwa kama 8. Kwa hiyo mtoto yuleyule, na joto lilelile, leo ana uwezekano mdogo zaidi wa kuwa na malaria kuliko alipokuja kwa mzee miaka ishirini iliyopita. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa kuwa na malaria, mtoto au mkubwa, apimwe kwanza ndipo atibiwe.

Sasa hofu yake yenyewe: kipimo kikisema hapana, nikiacha dawa, je, mtoto atakufa? Swali hilo liliulizwa na kujibiwa hapahapa Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuata watoto 1,000 wa chini ya miaka mitano wenye homa. Watoto 603 kipimo cha haraka kilionyesha hawana malaria, wakaachwa bila dawa ya malaria, wakafuatiliwa kwa siku saba. Hakuna hata mmoja aliyepatwa na madhara makubwa au kifo kutokana na malaria iliyoachwa bila kutibiwa. Huo ndio utafiti wa kumpelekea mzee kwanza, kabla ya mwingine wowote, kwa sababu unazungumza na kitu anachokiogopa usiku.

Wa pili ni mgumu kuusikia. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo kutoka hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania, kuhusu wagonjwa 4,474 wa rika zote waliolazwa na kutibiwa kama wana malaria kali. Slaidi zao za damu ziliposomwa upya kwa umakini, chini ya nusu ndio walikuwa na vimelea. Kati ya waliokuwa na vimelea walifariki asilimia 6.9. Kati ya wasiokuwa navyo walifariki asilimia 12.1. Hebu zisome tena hizo namba mbili. Waliopewa dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao ndio waliokufa zaidi, na yaelekea ni kwa sababu kilichokuwa kinawaua mara nyingi hakikutafutwa: jina la malaria lilishaandikwa kwenye faili na kila aliyefuata aliliamini. Inawezekana kabisa baadhi ya watoto anaowakumbuka mzee, wale "waliodanganywa na kipimo", walikuwa katika kundi hili.

Kama si malaria, ni nini? Hapa una bahati, maana utafiti mzuri kuliko yote ninaoujua juu ya jambo hili ulifanyika nusu yake mkoani kwako. Watoto 1,005 wenye homa walichunguzwa Dar es Salaam na Ifakara kwa vipimo vingi kuliko hospitali yoyote ya wilaya inavyoweza, na matokeo yakatoka mwaka 2014. Asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na katika hao ni 5 tu kati ya 100 waliokuwa na nimonia iliyoonekana kwenye eksirei. Malaria ilikuwa asilimia 10.5. Maambukizi ya njia ya mkojo yalikuwa asilimia 5.9, taifodi 3.7. Ukijumlisha yote, watoto saba kati ya kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi. Linganisha na kitabu chako cha wagonjwa wa nje. Kama kila ukurasa umejaa "UTI" na "typhoid", ujue majina hayo yanaandikwa kwa mazoea. Tena kama taifodi yenu inatokana na kipimo cha Widal kilichofanywa mara moja tu, nawasihi sana mwache kukitegemea. Mtu aliyewahi kuugua zamani kinaweza kumwonyesha mgonjwa leo, na mgonjwa wa leo kikamkosa.

Umenieleza pia kwamba mseto ukiachwa, inaingia antibayotiki. Hili halikutokea kwenu peke yenu. Vipimo vya haraka viliposambazwa Afrika na Asia, watafiti waliona sehemu nyingi matumizi ya dawa za malaria yakishuka na ya antibayotiki yakipanda. Ni rahisi kuelewa. Tulimwambia mhudumu nini hapaswi kutoa, hatukumwambia afanye nini na mtoto aliye mbele yake. Mkono unaoandika haukai mtupu.

Ndiyo maana nakuomba uangalie kwa makini jaribio lililofanyika katika vituo 40 vya mikoa ya Mbeya na Morogoro, likachapishwa mwaka 2024. Vituo 20 vilipewa tableti yenye programu inayomwongoza mhudumu hatua kwa hatua, pamoja na kifaa cha kupimia oksijeni kidoleni, vipimo vichache vya ziada, mafunzo, na ufuatiliaji wa kurudishiwa takwimu zao. Vituo 20 viliendelea kama kawaida. Waliangalia mahudhurio zaidi ya 44,000 ya watoto wagonjwa. Kwenye vituo vya kawaida watoto 70 kati ya 100 walipewa antibayotiki. Kwenye vituo vyenye tableti walikuwa 23. Na waliokuwa hawajapata nafuu kufikia siku ya saba? Asilimia 3.8 upande mmoja na 3.7 upande wa pili. Yaani karibu nusu ya watoto wote walikuwa wanameza dawa ambayo haikuwaongezea chochote, zaidi ya kuharisha, gharama, na kulea usugu wa vimelea utakaotukuta siku mtoto anapoihitaji kweli.

Tableti huna, najua. Lakini kiini cha programu ile unacho kabatini: ni maswali na uchunguzi wa mwongozo wa watoto, kwa mpangilio, bila kuruka. Je, anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au hazinduki? Mtoto wa namna hiyo habishaniwi juu ya kipimo. Anapata dozi ya kwanza kama mwongozo unavyoelekeza, anaangaliwa sukari, anapewa rufaa. Asiye na dalili hizo anahesabiwa pumzi kwa dakika nzima, akiwa ametulia, saa mkononi. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Hapo ndipo tunasema anapumua mbio, na unafikiria nimonia. Nimekagua vituo vingi na hii dakika moja ndiyo inayoibwa kuliko hatua zote. Foleni ni ndefu, mtoto analia, mhudumu anakisia. Ukiirudisha dakika hiyo peke yake, antibayotiki zitashuka bila kugombana na mtu.

Umeuliza utajuaje utafiti wa kuamini. Nitakueleza kwa mfano mmoja ninaoufundisha kila mwaka, maana ulitutikisa sote.

Kwa miongo mingi tulifundishwa kwamba mtoto aliyeingia na homa kali na mzunguko wa damu umedhoofika, mikono ya baridi, mapigo ya mbio, awekewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Tuliona kwa macho yetu wakipata nafuu ndani ya saa moja. Kisha Kathryn Maitland na wenzake wa Kilifi wakafanya jaribio katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Teule Muheza hapa kwetu, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa maji ya haraka, baadhi maji ya taratibu tu. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati mwaka 2011. Katika saa 48, waliopewa maji ya haraka walifariki takriban asilimia 10.5. Wasiopewa, asilimia 7.3. Ile nafuu ya saa ya kwanza ilikuwa ya kweli, vifo vilikuja baadaye, mara nyingi zamu ikiwa imeshabadilika na aliyeweka dripu ameshaenda nyumbani.

Katika mfano huo yamo yote ninayokagua. Kwanza, mgawanyo ulikuwa wa bahati nasibu, kwa hiyo makundi yalifanana na tofauti haikutokana na daktari kuchagua nani apewe nini. Pili, walihesabu vifo, hawakuishia kwenye mapigo ya moyo. Tatu, wagonjwa walikuwa watoto wetu, katika hospitali zisizo na mashine za kupumulia, si watoto wa London. La nne watu hulisahau: nani hakuingizwa? Watoto wanaoharisha sana na wenye utapiamlo mkali hawakuwamo. Nimewahi kukuta kituo ambacho walisikia "maji yanaua" wakasita kumwekea dripu mtoto wa kipindupindu. Utafiti mzuri ukipelekwa kwa mgonjwa asiyehusika nao unaweza kuua kama ujinga.

Kwa miongozo kubadilika, usiione kama kigeugeu. Kwa malaria kali tulitumia kwinini maisha yangu yote ya mwanzo kazini. Mwaka 2005 jaribio la Asia lilionyesha atesuneti ya sindano inaokoa zaidi. Watu wakauliza, kwa haki kabisa, je, na watoto wa Afrika? Likafanyika jingine, watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo, matokeo yakatoka 2010: vifo asilimia 8.5 kwa atesuneti, 10.9 kwa kwinini. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadilisha maelekezo yake. Mwongozo unaobadilika kwa mtindo huo unafanya kazi yake. Wewe huna muda wa kusoma majarida, wala sikudai usome. Soma Mwongozo wa Matibabu wa Taifa toleo la sasa, na kinapobadilika kitu uliza swali moja tu: kimebadilika kwa sababu gani? Mganga Mkuu wa Wilaya au mratibu wake wa malaria anapaswa kuweza kukujibu.

Sasa timu, ambako moyo wangu upo zaidi. Mapitio makubwa ya tafiti kutoka nchi zenye kipato kama chetu, ya mwaka 2018, yalikuta kwamba kuwagawia wahudumu vitabu na mabango pekee karibu hakubadilishi chochote. Mafunzo yanasaidia kiasi. Mafunzo yakiunganishwa na kikundi cha wahudumu kukaa na kutatua tatizo lao wenyewe yanasaidia zaidi sana. Kwa hiyo kama ulikuwa unafikiria kubandika bango ukutani, okoa karatasi.

Niruhusu nikueleze kilichonifundisha mimi. Nikiwa daktari mpya katika hospitali moja ya wilaya, nilimtibu mfugaji mmoja malaria mara tatu ndani ya mwezi. Homa inapanda na kushuka, viungo vinamuuma, jasho usiku. Slaidi zote hazikuwa na kitu, nami niliandika dawa ya malaria mara zote tatu. Mara ya nne muuguzi wa mapokezi aliniambia, kwa sauti ya chini, kwamba tangu siku ya kwanza yule baba alimsimulia alivyomsaidia ng'ombe wake aliyeharibu mimba, kwa mikono mitupu. Ilikuwa brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Nilimuuliza muuguzi kwa nini hakusema mapema. Akajibu, "Hukuniuliza, Daktari." Jibu la ugonjwa lilikuwa limekaa mita tano kutoka mezani kwangu kwa mwezi mzima. Miaka mingi baadaye niliposoma utafiti wa Moshi uliochapishwa 2013, wagonjwa 870 waliolazwa na homa, 528 wakiwa wameandikiwa malaria na 14 tu ndio waliokuwa nayo, na takriban robo wakiwa na maambukizi yanayotoka kwa wanyama kama brusela na homa ya mgunda, nilimkumbuka yule muuguzi.

Kwa hiyo anza hivi. Chukua kitabu cha MTUHA, kile cha takwimu za afya, cha wagonjwa wa nje, hesabu watoto 50 wa mwisho waliopimwa na kuonekana hawana malaria. Wangapi walipewa mseto? Wangapi antibayotiki? Wangapi wana idadi ya pumzi iliyoandikwa? Usihesabu kwa jina la mhudumu, hesabu kwa kituo, pamoja na wagonjwa wako wewe mwenyewe. Kabla hujazipeleka namba popote, mpelekee mzee peke yake, jioni, mkiwa mmekaa. Mwamkie, mweleze kwamba umepata namba hizi na unahitaji ushauri wake zisomwe vipi mbele ya wenzenu. Msikilize habari za watoto wale aliowapoteza, usikatize. Kisha mwombe yeye ndiye aongoze kikao cha kwanza. Mzee akilifungua jambo mwenyewe, vijana watalifuata. Likifunguliwa dhidi yake, atalitetea hadi astaafu.

Kikao kiwe kifupi, asubuhi kabla ya foleni, na awepo kila mtu anayemgusa mtoto mwenye homa: mapokezi, maabara, chumba cha daktari, dirisha la dawa. Kubalianeni jambo moja tu kwa mwezi wa kwanza. Mimi ningechagua hili: asiye na malaria kwa kipimo haondoki na mseto, na hesabu ya pumzi inaandikwa. Mpeni muuguzi wa dirisha ruhusa, mbele ya wote, ya kumrudisha mgonjwa kwa heshima pale karatasi ya mseto inapokuja na jibu la "hakuna malaria". Asipopewa ruhusa hiyo hadharani hataitumia kamwe, na si kosa lake. Dada wa maabara naye asomewe namba kila mwezi, ajue kazi yake imekwenda wapi. Na muulizeni kuhusu vipimo vyenyewe: vinatunzwa kwenye joto gani, vina tarehe gani, na je, kila mtu anajua kwamba kipimo kinaweza kubaki kinaonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kutibiwa na kupona? Mzee akisema kipimo hudanganya, wakati mwingine anasema kweli, na maabara ndiyo itakayomweleza lini.

Hesabu tena baada ya mwezi. Mapitio ya majaribio 140 juu ya kuwarudishia wahudumu takwimu za kazi yao, yaliyotoka 2012, yalikuta mabadiliko ya kawaida ni madogo, asilimia 4 hivi, lakini yanakuwa makubwa pale takwimu zinaporudiwa, zinapotoka kwa mwenzao wanayemheshimu, na zinapokuja na lengo na mpango. Vikumbusho navyo vinafanya kazi kuliko tunavyodhani. Nchini Kenya, katika vituo 107 vya vijijini, wahudumu walitumiwa ujumbe mfupi wa simu kila siku ya kazi kwa miezi sita, sentensi ya mwongozo pamoja na maneno ya kutia moyo. Utoaji sahihi wa mseto kwa watoto uliongezeka kwa takriban asilimia 24, na miezi sita baada ya ujumbe kusimama ulikuwa bado uko juu vilevile. Kundi lenu la simu linatosha kwa kazi hiyo.

Kuhusu mama anayegoma: amelipa nauli, ameacha shamba, mtoto anaungua. Kumwambia "hana kitu" ni kumwambia amekuja bure, wakati mtoto anaumwa na yeye anaona. Mweleze ulichokiangalia, kimoja kimoja, huku akiona: kipimo, pumzi, masikio, koo. Mpe parasetamoli ya homa na umwonyeshe kipimo cha dozi. Kisha sema hivi, au kwa maneno yako: "Mama, mtoto anaumwa, nimemwangalia. Si malaria na mapafu yake yako sawa leo. Endelea kumnyonyesha na kumpa maji. Akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipumua mbio, akishtuka degedege au akilegea, mlete saa hiyohiyo, hata usiku. Homa ikiwepo bado siku ya tatu, mlete hata kama anacheza, tutampima tena." Halafu mwombe akurudishie hayo maneno kabla hajanyanyuka, na umwambie mapokezi kwamba mama huyu akirudi hapangi foleni.